Binti wa kidato cha tatu hazungumzi na mama yake

MkaziWaNkuhungu: Wakubwa, shikamooni. Binti yangu ana miaka 16, na tangu nilipoichukua simu yake hunijibu kwa neno moja tu, ilhali kwa shangazi yake aliyeko Kongwa hueleza yote, hata habari za hedhi. Je, nimwachie shangazi kazi hiyo?

BibiWaMpwapwa: Marahaba, mwanangu. Kwetu Wagogo mafunzo ya unyagoni yalikuwa ya shangazi na bibi zaidi kuliko mama mzazi, kwa hiyo usimwonee wifi yako wivu. Mrudishie simu, kisha jioni mkae jikoni mchambue mlenda pamoja, kwa kuwa mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana na maneno hutoka yenyewe.

MwalimuChamwino: Naafiki, ila simu bila masharti siikubali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na inampa pia haki ya kutoa maoni. Basi masharti hayo yapangeni pamoja naye.

MkaziWaNkuhungu: Simu ataipata Jumamosi. Wifi yangu, hata hivyo, bado ana maswali ya kunijibu.