Maandiko yanasema hivi, sayansi imebadilika tena: wewe ilikukuta wapi? Tupeane uzoefu

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Naanza na yangu, kisha karibuni.

Nimezaliwa nyumba ya mwinjilisti. Kwetu Mwanzo sura ya 1 ilisomwa kama ilivyoandikwa: siku sita, basi. Kidato cha kwanza mwalimu wa Historia akaandika ubaoni: Zinjanthropus, Olduvai, 1959, miaka 1,750,000. Ni fuvu la kale lililofukuliwa hapa hapa Tanzania. Nikamuuliza baba. Akasema, "Mtihani ujibu la mwalimu, moyoni weka la Mungu." Nikaishi hivyo miaka mingi, na iliniumiza, maana nilijiona mnafiki kotekote.

Baadaye nikasoma kwamba Louis Leakey mwenyewe, mtafiti aliyemtangaza huyo Zinj, alianza kwa kukisia miaka laki sita tu, tena akamtangaza Zinj kuwa ndiye fundi wa zile zana za mawe. Mwaka 1964 sifa hiyo akapewa Homo habilis, aina nyingine ya mtu wa kale. Nikasema baba alikuwa sahihi, hawa wanabahatisha. Nilipofuatilia nikakuta laki sita ilikuwa makisio, lakini 1,750,000 ilipatikana 1961 kwa kupima majivu ya volkano ya pale pale: sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo hugeuka gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana, ukipima agoni iliyokusanyika unapata umri. Tangu hapo siwezi tena kuita jambo hilo kigeugeu. Mwanzo bado naisoma, na nikifika "ikawa jioni ikawa asubuhi" najiuliza jioni tatu za kwanza zilikuwaje, ilhali jua limewekwa siku ya nne. Baba na mimi hatujamaliza mjadala huu.

Mchangiaji, Tanga:
Kwetu ni mwezi. Mtume (s.a.w.) ametuambia tufunge kwa kuuona na tufungue kwa kuuona. Babu anataka mtu wa huku huku auone kwa jicho. Ami anafuata tangazo la Makka. Mdogo wangu kasoma fizikia, anakokotoa saa na dakika ya mwezi kuzaliwa miaka kumi mbele. Mwaka juzi nyumba moja tulikuwa na Idi mbili, mama anapakua pilau na babu amefunga. Kwa hiyo kwetu sayansi haijageuka hata kidogo, wanaovutana ni wasomaji wa hadithi ile ile. Mimi nafunga na babu, kwa sababu hesabu inasema mwezi umezaliwa, haisemi umeonekana.

Mchangiaji mwingine:
Mimi nasimama na siku sita. "Mtu wa Piltdown", mabaki yaliyodaiwa kuwa ya mtu wa kale, alitangazwa Uingereza 1912, hadi 1953 ndipo ikabainika ni fuvu la binadamu na taya la orangutani. Miaka yote hiyo watu walifundishwa uongo.

Mleta mada:
Kweli mkuu, na imeniuma pia. Waliomfichua, hata hivyo, ni wanasayansi wenyewe.

Mchangiaji, muuguzi:
Hayo ya mafuvu nawaachia. Nimeanza kazi kliniki ya mama na mtoto 2003. Wakati ule mama mwenye VVU tulimwambia, ukiweza maziwa ya kopo kwa usalama, usinyonyeshe. Mama mmoja alitusikiliza. Maji yao yalikuwa ya kisima, mtoto akaharisha, akafariki na miezi mitano. Mwaka 2010 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukabadilika: mama anyonyeshe, dawa za ARV zikiwepo, kwa sababu ilishaonekana kuwa dawa zinapunguza sana maambukizi kwenye maziwa, na kopo lisilo na maji salama linaua.

Mama yule akarudi na mimba nyingine. Nikampa ushauri mpya. Akafungua Biblia yake Waebrania 13, "Yesu Kristo ni yeye yule, jana na leo na hata milele." Akaniambia, "Nesi, huyu habadiliki. Ninyi mtoto wa kwanza mlinikataza kumnyonyesha, huyu wa sasa mnanihimiza. Nikuamini vipi?" Sikuwa na jibu. Nilikaa naye chini, nikamwomba msamaha kwa niaba ya kliniki, nikamweleza tulichokuwa hatukijui.

Mleta mada:
Pole sana dada. Alinyonyesha?

Muuguzi:
Alinyonyesha mwaka mzima, dawa hakuacha hata siku moja. Kipimo cha mwisho cha mtoto nilimsomea mimi. Hana maambukizi.