Cheni mpya inaruka gia, nibadilishe na meno ya nyuma? Naomba ushauri

Wadau hamjambo, niko Nakuru na nina mountain baike ya mtumba ya gia 8 nyuma, huwa napanda nayo Menengai karibu kila Jumamosi na hiyo vumbi ya huko mnaijua. Cheni ya zamani niliipima na rula, viungo 24 vinafaa kuwa inchi 12 kamili lakini yangu ilikuwa imepita na kama 1/8 hivi, so nikanunua mpya. Sasa nikikanyaga kwa nguvu kwa mlima inaruka, hasa zile gia ndogo ndogo ninazotumia sana, juzi nusura nianguke na kusema ukweli niliogopa. Fundi mmoja anasema nikaze tu waya wa gia, mwingine anasema meno ya nyuma yameisha yamekuwa makali kama ya papa nibadilishe kaseti yote, yaani ile seti nzima ya gia za nyuma. Mimi naamini huyu wa pili juu gia kubwa haziruki kabisa. Kaseti ya mtumba inafaa ama nijikaze nichukue mpya? Na oili, mnatumia gani kwa vumbi? Ya injini inashika mchanga vibaya sana.