Kaka kaungua, bibi kakataza samaki na mayai

MwanaIgoma
Wakuu, habari za usiku. Kaka yangu ni mvuvi, aliungua vibaya kwa petroli ya injini ya mtumbwi, miguu yote na mkono. Karuhusiwa, tuko naye hapa Igoma. Bibi ameshapiga marufuku: samaki na mayai asiguse, kidonda kitatunga usaha. Basi ni uji mweupe na chai ya rangi. Alikuwa na kilo 60, sasa suruali zinamvuka. Ale nini, kwa mfuko wetu huu?

NesiMstaafu
Mpe samaki leo hii! Nimeuguza majeraha ya moto hadi nastaafu, na huo uji mweupe nimegombana nao sana. Aliyeungua hivyo mwili wake unateketeza chakula hata akiwa amelala. Unatafuta protini ya kuotesha ngozi. Ukiikosa, unakula misuli yake. Ndiyo hizo suruali. Na hali hiyo haiishi siku ya kuruhusiwa, huendelea miezi mingi.

Kwa kilo 60 lenga gramu 90 hadi 120 za protini kwa siku. Yai lina kama 6, kikombe cha maziwa 8, kwa hiyo mayai matupu hayakufikishi. Hapo ndipo dagaa wakavu wanapokuokoa: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wasage, tia kwenye uji wa ulezi wenye karanga na mafuta kidogo. Apewe kidogo kidogo mara sita, na kabla ya kulala. Mapera na viazi lishe pia. Chai ya rangi ikae mbali na mlo, inazuia madini ya chuma.

Usaha unaletwa na vijidudu. Sato hana kosa.

MchuuziKirumba
Dagaa nunua walioanikwa kwenye chanja. Wa mchangani utawaosha hadi uchoke, bado meno yanalia.

MwanaIgoma
Asante dada nesi. Bibi nitamwambiaje?

NesiMstaafu
Usibishane naye. Nenda naye kliniki siku ya kufunga kidonda, asikie kwa daktari. Hapohapo uliza figo za kaka ziko salama, maana zikiwa na shida kiwango cha protini atapanga daktari. Na apimwe uzito kila wiki, mizani ileile. Ukizidi kushuka, au chakula hakipiti, mrudisheni hospitali.

MwanaIgoma
Kliniki ni Alhamisi. Bibi kakubali kuja, ila anasema chai haachi.

NesiMstaafu
Yeye anywe tu, hajaungua.