Tupeane uzoefu: mwongozo wa wafanyakazi na sheria za jimbo lako hapa Marekani

Mwanzisha mada, Minneapolis

Wakuu, heshima kwenu. Humu tuko wengi wenye kampuni ndogo za kuhudumia wazee majumbani, mikahawa na malori, na wengine ni waajiriwa mliopewa kitabu cha mwongozo, chenye kanuni na haki za kazini, siku ya kwanza kazini mkasaini ukurasa wa mwisho. Naomba tuzungumzie kitabu hicho. Ndugu zetu wengi wakifungua biashara huomba nakala kwa rafiki wa jimbo lingine, wanabadilisha jina na nembo, basi. Jambo hili linaumiza watu, na mimi linanikera kweli.

Chukueni mfano wa hapa kwetu. Tangu 1 Januari 2024 Minnesota ina likizo ya ugonjwa na usalama (mfano mtu anapokimbia ukatili wa nyumbani) yenye malipo: saa moja kwa kila saa 30 unazofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka, na wafanyakazi wa muda wamo. Sheria hiyo inasema mwajiri mwenye mwongozo lazima taarifa ya haki hii iwemo ndani yake. Inasema pia mfanyakazi apewe taarifa kwa Kiingereza na kwa lugha anayoitaja kuwa ndiyo yake. Kwangu wahudumu wengi ni wa kutoka Congo na Kenya, kwa hiyo ya Kiswahili ipo, tena nimeiweka mbele kabisa. Nakala uliyotumiwa kutoka Texas haina hata mstari mmoja wa mambo haya.

Nilivyofanya mimi: kila kanuni niliiandikia pembeni chanzo chake. Ni sheria ya nchi nzima, ya jimbo, au ya mji? Kanuni iliyokosa chanzo ni uamuzi wetu wenyewe, na hapo nikajiuliza kama kweli tunaweza kuitekeleza. Maana ukishaandika, umeahidi. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua kesi ya benki ya Pine River: mwongozo ulitaja hatua za kufuata kabla ya kumfukuza mtu, benki ikamfukuza ofisa wake wa mikopo bila kuzifuata. Mahakama ikasema maneno ya mwongozo yanaweza kuwa mkataba. Ndiyo sababu sehemu ya nidhamu kwangu inasema kampuni "inaweza" kuanza na onyo la mdomo, haisemi "lazima ianze". Na mwanzoni kuna maelezo ya wazi kwamba kitabu hiki si mkataba wa ajira.

Karibuni. Toeni ya kwenu.

Mdau wa Oakland

Ahsante dada kwa mada. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kuandaa mishahara huku California, na miongozo ya kuazima nimeiona mingi. Mmoja ulikuwa wa mkahawa, sitautaja. Uliandika kwamba ukifukuzwa, malipo yako ya mwisho utayapata siku ya kawaida ya mshahara. Kijana wetu mmoja alifukuzwa Jumatatu, akaambiwa asubiri wiki mbili. Sheria ya California inataka alipwe palepale anapofukuzwa. Mwajiri akichelewesha kwa makusudi, mshahara wa siku unaendelea kuhesabika hadi siku 30. Kijana alipeleka madai kwa kamishna wa kazi wa jimbo na akalipwa.

Mwongozo huohuo ulisema likizo usiyoitumia kufikia Desemba inapotea. Huku hilo ni marufuku, kwa sababu siku za likizo ulizokwisha kuzichuma ni mshahara wako. Na ovataimu inaanza ukipita saa 8 kwa siku, husubiri zifike 40 kwa wiki. Mapumziko ya chakula ni dakika 30, yaanze kabla saa ya tano ya kazi haijaisha, na usipopewa unadai malipo ya saa moja zaidi. Haya yote yaandikwe kwa maneno ambayo mpishi atayaelewa.

Kaka wa Houston

Shikamoo wakubwa, wengine habari zenu. Sisi Texas watu hudhani hakuna sheria, kila mtu afanye atakavyo. Si kweli, ila maandishi yako mwenyewe yana uzito mkubwa sana. Likizo isiyotumika mtu anapoondoka, sheria ya jimbo haikulazimishi kuilipa mpaka uwe umeahidi kwa maandishi. Mimi na mke wangu tulikaa na wakili tukabishana kweli kuhusu sentensi hiyo. Tukaamua tuiandike: tutalipa. Madereva wetu wanasafiri usiku kucha, sikuona haki kumnyang'anya mtu siku alizozitolea jasho.

Jambo la pili: ukimfukuza mtu huku una siku 6 za kumlipa. Akiacha mwenyewe, ni siku ya mshahara inayofuata. Linganisheni na alivyosema mdau wa Oakland, mtaona kwa nini kuazima ni hatari.

Mdau wa Columbus, Ohio

Mimi ni mwajiriwa, naomba niseme kwa upande wetu. Ghala nililofanyia kazi lilikuwa na kanuni iliyokataza wafanyakazi kutajiana mishahara. Wenzangu waliogopa mpaka kunong'ona. Dada mmoja wa zamu ya usiku, anayejua kusoma sheria, akatuonyesha kwamba tangu 1935 sheria ya mahusiano kazini ya nchi nzima inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi kuzungumzia mishahara yao, hata pasipokuwa na chama cha wafanyakazi. Tulimwandikia meneja barua kwa heshima, tukasaini wote. Kanuni ikaondolewa. Ndipo tukagundua wanawake wa zamu yetu walilipwa pungufu kwa kazi ileile. Nawasihi wenye kampuni, kama mna mstari huo, ufuteni leo.

Mama wa Tacoma

Nina nyumba ya kutunzia wazee, wafanyakazi 6. Je, niweke ile likizo ya familia ya wiki 12 ya nchi nzima? Rafiki yangu anayo kwenye kitabu chake.

Mwanzisha mada, Minneapolis

Mama, ile ya mwaka 1993 inamhusu mwajiri wa sekta binafsi mwenye wafanyakazi kuanzia 50. Ukiiandika bila kufikia idadi hiyo, unajifunga kwa ahadi ambayo sheria haikukudai. Lakini usiishie hapo, kwa sababu Washington mna mfuko wenu wa jimbo wa likizo ya familia na matibabu, unaolipa tangu 2020, na waajiri wadogo wamo. Huo ndio wa kuueleza. Pia likizo yenu ya ugonjwa ni saa moja kwa kila saa 40, si 30 kama huku.

Mama wa Tacoma

Nimekuelewa mwanangu. Na wahudumu wangu wawili wanaongea Kinyarwanda tu.

Mdau wa Oakland

Mama, hao watafutie mtu wa kuwatafsiria kabla hawajasaini, awasomee sehemu ya mishahara, mapumziko na likizo mstari kwa mstari. Tarehe ya toleo iandike kwenye jalada, na kila Januari mkague upya, maana kima cha chini cha mshahara Washington hupandishwa kila mwaka mpya.