Taa nane ziliwaka zote, milioni zangu zikazima: fundi mtandao kanizikia aluminiamu ukutani hapa Tanga

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za "intaneti inasumbua". Intaneti yangu haikuwa na kosa lolote, na miezi mitano nzima nimeitukana bure.

Mie nina nyumba ya wageni Chumbageni. Vyumba 12, ghorofa moja, chini kuna mapokezi na kijiduka cha kutoa kopi na kuchapa. Nyuma uani ndipo ninapolala. Mwaka jana tulipokuwa tunapaka rangi upya nikaona bora nivute waya za mtandao kabisa: kila chumba na tundu lake, kamera sita, na vile visahani vinne vya waifai vya kufunga darini. Nilichoka na ruta moja ya mapokezi ambayo mgeni wa chumba cha 11 anaipata akiwa amekaa chooni tu. Jumla waya 22.

Kabla hamjaniandikia "rahisi ni ghali", nilipokea bei tatu na nikachukua ya JUU. Huyu bwana alikuja na shati lenye nembo, laptopu begani, akapima korido kwa futi, akaniamkia kwa adabu zote. Wale wengine wawili walikuja na kandambili. Basi mie nikachagua shati. Shilingi 3,600,000 kazi na vifaa. Nikatanguliza 2,500,000, iliyobaki nikammalizia siku ya kukabidhi.

Siku hiyo ya kukabidhi ndiyo inayoniuma mpaka leo. Ana testa yake ndogo, ile yenye taa nane. Nusu moja anaichomeka huku, nusu ya pili kule, taa zinapita moja baada ya nyingine. "Mama, hesabu mwenyewe." Nikahesabu. Moja mpaka nane, kijani tupu, mara 22. Nikampa hela yake na soda baridi juu. Kesho yake fundi wa lipu akaziba mifereji yote, rangi ikapigwa, nikapiga na picha.

Wiki ya pili vituko vikaanza, tena vya usiku. Mchana kamera zote sita ziko safi, unamwona mpaka kuku wa jirani. Likiingia giza, kamera ya getini inazima, inawaka, inazima. Saa mbili usiku ile ya uani nayo inafuata. Mlinzi wangu akaanza kusema nyumba ina mambo. Nikamwambia anyamaze, lakini wallahi hata mie nilishaanza kuwaza.

Vyumbani ndiyo usiseme. Nalipia kifurushi cha faiba cha megabiti 50. Chumba kimoja kinapata megabiti 3, cha pili kinapata 20 kwa dakika moja halafu kinakata. Mgeni mmoja alikuwa na kikao cha mtandaoni na wakubwa wake, ikakata mara nne, akahamia nyumba nyingine Raskazone usiku huohuo na mizigo yake. Nikawa napiga simu kwa watoa huduma wa intaneti kila wiki. Nimewaita wezi. Dada mmoja wa huduma kwa wateja nilimpandishia sauti mpaka nikaona aibu mwenyewe.

Hatimaye wakamleta mtaalamu wao. Hakubishana. Akachomeka laptopu yake moja kwa moja kwenye ruta: megabiti 50 kamili. Akaichomeka kwenye tundu la chumba cha 4: megabiti 2. Akaniangalia. "Mama, sisi tunaishia hapa mapokezi. Tatizo limo ndani ya kuta zako."

Ndipo nikamtafuta kijana mmoja wa Makorora aliyefanya kazi hizi miaka kadhaa Dar. Alikuja na baiskeli, na (ndiyo, najua) kandambili. Alichofungua ndicho kilichonifanya niandike uzi huu.

Kwanza kabisa waya wenyewe. Akakata kipande kilichobaki kwenye boksi, akakikwaruza kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe kama sufuria. Shaba halali ukiikwaruza ni nyekundu mpaka moyoni. Hii ni aluminiamu iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba, na pembeni ya boksi palikuwa pameandikwa kwa herufi ndogo "CCA", ambayo mie nilidhani ni jina la kiwanda, kumbe ni kifupi cha aluminiamu hiyohiyo! Pembeni yake kwa herufi kubwa, Cat6, yaani daraja la waya wa mtandao. Kijana akaniambia viwango vya Cat6 vinataka shaba tupu, kwa hiyo maandishi hayo mawili hayawezi kukaa boksi moja bila mmojawapo kuwa mwongo. Tena boksi lenyewe ni jepesi, mtoto wangu wa darasa la tano analinyanyua kwa mkono mmoja.

Na mashetani ya getini yakaishia hapohapo. Kamera hizi zinapata umeme kupitia waya huohuo wa mtandao. Mchana zinakula kidogo. Usiku zinawasha taa zake za kuonea gizani, zinataka umeme zaidi, na aluminiamu inazuia umeme kuliko shaba, kwa hiyo unaofika mwishoni hautoshi na kamera inajizima. Taa zikizima nayo haja ya umeme inapungua, inawaka tena, na mchezo unaanza upya. Mlinzi wangu kafurahi kusikia, ingawa bado anavaa hirizi yake.

Getini palikuwa na dhambi ya ziada. Waya umezungushwa ukuta mzima wa uzio mpaka mita 118. Mwisho wa waya hizi ni mita 100, jumla pamoja na vipande vya kuchomekea. Jambo hilo fundi anafundishwa siku ya kwanza.

Sasa taa nane. Hapa ndipo nilipopandisha presha. Ndani ya waya mna nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili, jozi nne. Kule kusokotwa si urembo, ndiko kunakozuia jozi moja isiivurugie nyingine. Mpangilio wa nyuzi hizo tunduni unaotumika sana, namba 1 mpaka 8, ni huu: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Ukiangalia utaona kijani imeruka, moja iko namba 3 na mwenzake namba 6, kwa sababu vifaa vinatumia namba 3 na 6 kama jozi moja. Bwana shati yeye kapanga kwa jicho lake: chungwa na chungwa, kijani na kijani, bluu na bluu, kahawia na kahawia. Inapendeza kweli, kama mkeka. Na kwa kuwa kapanga hivyohivyo ncha zote mbili, testa ya taa inasoma sawasawa: moja kwa moja, mbili kwa mbili, mpaka nane. Kile kidude kinajua tu kama uzi umefika upande wa pili. Hakijui umefika na nani. Namba 3 inatembea na jozi hii, namba 6 na jozi ile, data zinavurugana njiani, na mie nimesimama pale nahesabu taa na soda mkononi.

Matundu yote 22, kosa moja. Hapo siwezi kusema mkono uliteleza.

Mengine nayataja kwa haraka maana nikikumbuka naumwa kichwa. Kwenye korido ya juu kapitisha waya za mtandao ndani ya bomba moja na waya za umeme wa volti 230, ili asichimbe mfereji mpya. Ganda la umeme likichubuka siku moja, mgeni anachomeka laptopu yake kwenye moto. Juu ya dari la jipsamu kuna mahali waya ulipungua, akaunga kwa kusokota kwa vidole na kuzungushia selotepu, kama anafunga mbuzi wa Idi. Kutoka nyumba ya wageni mpaka kwangu uani kavuta angani waya wa kijivu wa ndani ya nyumba. Jua letu na chumvi ya bahari zimeshaupasua ganda, na wakati wa masika maji yaliingia yakatiririkia mpaka kwenye swichi, kile kisanduku cha kugawia mtandao. Kijana anasema nje unatakiwa waya wenye ganda jeusi la kustahimili jua, na kati ya majengo mawili angeweka faiba, ambayo ni uzi wa kioo, maana radi haipiti kwenye kioo. Na hakuna waya hata mmoja wenye alama. 22 zimening'inia kama tambi.

Kurudia kazi ni kubomoa lipu niliyoipaka rangi hata mwaka haujaisha. Kijana kanipa hesabu na safari hii masharti nimeandika mie: boksi lifunguliwe na kukwaruzwa mbele yangu, lipu isipigwe mpaka apime kwa mashine ya kweli ile inayotoa majibu ya kila waya, urefu wake na jinsi jozi zinavyovurugana, na fungu la mwisho la hela likae kwangu wiki mbili baada ya kamera kulala usiku bila kuzima. Kakubali bila kununa. Mashine hiyo ataazima kwa siku moja tu kwa sababu ni ghali mno, sawa, nitachangia.

Bwana shati nimempigia mara ngapi. Mara yuko msibani Korogwe. Mara yuko Muheza, gari limeharibika. Siku aliyopokea aliniambia, "Mama, ulihesabu mwenyewe taa." Nilikosa la kujibu, nikakata simu, nikalia jikoni.

Mnaouliza risiti: alinipa karatasi ya daftari yenye sahihi, si ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na kosa hilo ni langu. Leseni ya ufungaji ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) sikumwuliza, sikujua hata kama kuna kitu kama hicho. Jina la kampuni siliweki hapa, msinilazimishe, nataka kwanza nijue kama mahakama ya mwanzo wataipokea karatasi ya daftari. Mwanasheria yeyote humu anisaidie.

Na nyie mafundi mnaonijia inbox kusema "mama, CCA kwa nyumbani haina shida", kaeni nazo huko. Mie nimelala na mlinzi mwenye hirizi miezi mitano.

NYONGEZA, Jumapili usiku: Kapiga simu mwenyewe! Nikadhani moyo umemwuma. Kumbe amepata kazi ya shule moja Pangani, amepungukiwa vifaa, anauliza kama lile boksi lililobaki kwangu anaweza kumtuma kijana alichukue asubuhi.

Boksi liko chini ya kitanda changu, na mlango nimeufunga kwa kufuli. Mwenye mtoto anayesoma Pangani anitafute.