MREJESHO: Wakili wa msaada wa kisheria aliyekaa kimya baada ya hukumu

Niliuliza kama mteja asiyelipa anaweza kumbana wakili wa aina hii, kesi ikiwa ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapa Tanzania. Anaweza. Huduma kuwa ya bure hakupunguzi wajibu wa wakili: kutunza siri, kumpa mteja taarifa, kufika siku ya shauri.

Cha haraka zaidi ni muda. Shauri lililoanzia baraza la wilaya hukatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Ombeni nakala za hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) kwa barua, mapema, mbaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Siku za kusubiri nakala hizo zinaweza kuondolewa kwenye hesabu. Mkichelewa, mtaomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopotea. Wengi huangukia hapa, maana "wakili wangu alizembea" kwa kawaida si sababu ya kutosha. Inauma, ila ndivyo mahakama zinavyoamua.

Msaidizi wa kisheria, tofauti na wakili, haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Analalamikiwa kwa msajili wa watoa msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wakili hupelekwa Kamati ya Mawakili, inayosimamia nidhamu yao. Kamati inaweza kumwadhibu, haifufui rufaa. Rufaa kwanza.