Mrejesho: kichwa cha kaka hakikuwa malaria

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza kuhusu kaka yangu: kichwa wiki ya tatu, anatapika, shingo imekakamaa, na ameshameza dawa ya malaria mara mbili. Nilichoficha kwa aibu ni kwamba alikuwa ameacha ARV (dawa za VVU) karibu mwaka.

Mliosema apimwe maji ya mgongo, ahsanteni. Mama alikataa katakata, maana kwetu wanaamini ukichomwa sindano ya mgongo hutarudi tena nyumbani. Nilimbembeleza hadi usiku. Maji yalitoka kwa kasi, presha ya kichwani ilikuwa juu mno. Majibu: fangasi aina ya kriptokokasi kwenye utando wa ubongo, CD4 (seli za kinga) 38 tu, chini mno. Jioni ileile kaka akaomba chai! Kumbe kutoa yale maji nako ni tiba. Walirudia mara tatu.

Alipewa dripu moja tu ya dawa ya fangasi, amfoterisini, pamoja na dawa nyingine mbili za fangasi, flusitosini na flukonazoli, siku 14. Flusitosini ni mara nne kwa siku, tukawa tunaamka kwa alamu ya saa sita usiku. Sasa yuko nyumbani na flukonazoli. ARV hawakumrudishia papo hapo, wanasubiri wiki 4 hadi 6, kwa sababu kinga ikiamka ghafla uvimbe wa kichwani unaweza kumuua. Ataanza Jumatatu.

Macho ndiyo bado, anaona vitu viwiliviwili. Aliyepitia hili, yalichukua muda gani kurudi sawa?